Kuandaa nyumba ya kuuza kabla ya ukaguzi, Mtwara

Swali: Ndugu zangu, nauza nyumba iliyopo Shangani, na mnunuzi atakuja na fundi kuikagua, je, nianze na rangi au na kuta zilizoliwa na chumvi?

Jibu: Anza na kuta, ndugu, kwa sababu rangi inayopakwa juu ya lipu yenye unyevu na chumvi hubanduka upesi, na fundi mzoefu akiigonga tu hutambua. Bandua lipu iliyoharibika, ziba panapopenya maji, kisha uache ukuta ukauke. Kagua pia kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, maana mchwa hawaonekani kutoka sebuleni.

Jibu: Andaa hati na risiti za kodi ya pango la ardhi. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenzi inahitajika kisheria. Binafsi ningeipata kabla ya kununua hata kopo la rangi.