Akagi 1/700: kiungo cha sitaha kinaonekana

Nanga7: Naunda mfano wa plastiki wa Akagi ya 1942, manowari ya Japani ya kubeba ndege, kwa kipimo cha 1/700. Sitaha ya kurukia ina vipande viwili. Nikivibana, katikati panabaki mwanya na ukingo mmoja unainuka. Nijaze puti?

Taruma: Puti iache kwanza. Aghalabu kosa liko chini: mbavu za meli zimejikunja ndani, sitaha haina pa kukalia. Kata vijiti vya plastiki, uvigandishe ndani kama mataruma kila baada ya sm 6 hivi, uache vikauke usiku kucha. Kisha gandisha kipande cha nyuma, weka ukanda wa plastiki chini ya kiungo, ndipo ulaze cha mbele. Gundi nyembamba ipenyeze kwa brashi kutokea chini. Ikipanda juu inayeyusha mistari ya mbao iliyochongwa kwenye sitaha, na hapo ndipo kazi hasa inapoanza.

Nanga7: Na msasa ukiifuta hiyo mistari?

Brashi_00: Ziba kwa utepe pande zote mbili za kiungo, acha milimita 1 tu wazi. Msasa wa maji namba 800, halafu 1500. Mistari irudishe kwa ncha ya sindano ukifuata rula ya chuma, mikwaruzo miepesi mitatu minne. Ukikandamiza mara moja, sindano inateleza.

Uzio wa shaba uweke mwisho kabisa, baada ya rangi. Supagluu ikizidi huacha ukungu mweupe.

Taruma: Na mnara wa Akagi uko kushoto, jamani. Kati ya manowari za Japani za kubeba ndege, ni Akagi na Hiryu tu.