Mjadala: Kila anayekutwa na VVU apimwe usugu (kama virusi vyake havisikii dawa) kabla ya kuanza dawa?

Mleta mada: Hoja ya wanaotaka kipimo hiki ni kwamba virusi sugu navyo huambukizwa kwa ngono. Kweli, lakini napinga. Fedha hizo ziende kwenye kipimo cha wingi wa virusi, majibu yatoke mapema. Anayemeza dawa vizuri akabaki chini ya nakala 200 za virusi kwa mililita ya damu hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Usugu husambazwa na yule ambaye dawa zimeshindwa, nakala zimepanda, na hakuna aliyegundua.

Maabara: Nakuunga mkono nusu. Mabadiliko ya vinasaba vya virusi yanayoleta usugu hayafanani. M184V, inayoletwa na dawa ya VVU iitwayo lamivudine, hupunguza kasi ya kirusi kuzaliana. Ndiyo maana tunaikuta sana kwa walioshindwa na dawa, ila mara chache kwa walioambukizwa karibuni. K103N, inayoletwa na dawa za kundi la efavirenz na nevirapine, ni balaa jingine: haikidhoofishi kirusi, hivyo hukaa miaka kwa mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja, naye akampa mwingine. Kwa sababu hiyo WHO mwaka 2017 ilishauri nchi yenye usugu wa kundi hilo kwa asilimia 10 au zaidi ya wanaoanza dawa ibadili dawa ya kwanza. Hilo hujulikana kwa kupima sampuli za wachache, si kila mtu.

Mfamasia: Na K103N haigusi dolutegravir, kwa hiyo anayeanza TLD (kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir) leo kipimo hicho hakimbadilishii dawa. Tulinde dolutegravir yenyewe! Mgonjwa wa TB anayetumia rifampicin anahitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku. Akipewa TLD peke yake mara moja kwa siku, dawa hupungua kwenye damu na usugu hupata mlango. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu nazo huizuia kufyonzwa: ameze TLD saa 2 kabla yake au saa 6 baada.

Mshauri wa kinga: Mmesahau sindano ya cabotegravir, ya kuzuia maambukizi ya VVU. Aliyeambukizwa akiwa anaitumia, au baada ya kuiacha dawa ikiwa bado mwilini, anaweza kuwa na usugu unaoigusa hata dolutegravir. Huyu apimwe.

Maabara: Sahihi, na fomu itaje integrase, kimeng'enya cha kirusi kinacholengwa na cabotegravir na dolutegravir, maana kipimo cha kawaida mara nyingi huishia kwenye vimeng'enya vingine, reverse transcriptase na protease. Damu itolewe kabla ya kidonge cha kwanza, nakala zikiwa bado juu. Zikishuka chini ya 1,000 kipimo hufeli mara nyingi.

Mleta mada: Kwa huyo nakubali, mradi aanze dawa siku hiyohiyo, asisubirishwe majibu.