Sehemu gani umewahi kuishi mpaka leo haijakutoka moyoni?

Mgebuka_Mbichi:
Wakuu habari za jioni. Leo nimeganda kwenye foleni ya Kimara mpaka nikaanza kuwaza maisha ya Kigoma, nikasema ngoja niulize humu. Katika sehemu zote ulizowahi kuishi, iwe kikazi, kimasomo au basi tu ulizaliwa huko, ipi uliipenda kuliko zote na nini hasa kilikufanya uipende? Sitaki majibu ya "kuna amani na watu wakarimu", hayo kila mtu anasema hata kama juzi tu kafukuzwa na mwenye nyumba. Leteni vitu.

Naanza mimi. Nilikuwa Kigoma kabla gridi ya taifa haijafika, umeme wa majenereta, ukikatika mnakaa nje na joto lenu, na bado ukiniambia nirudi kesho nafunga begi leo. Kilichonimaliza ni ziwa. Giza likiingia unaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga huko mbali utadhani kuna mji mwingine umeota katikati ya maji, asubuhi ukishuka Kibirizi unakuta dagaa wameanikwa akina mama wanawageuza. Mbalamwezi ikikomaa uvuvi unalala maana dagaa wanafuata ule mwanga wa taa, kwahiyo mji mzima unajua mwezi uko wapi hata mtu ambaye hajawahi kushika kasia, ukilalamika bei unaambiwa subiri giza.

Halafu Liemba ilikuwa bado inapiga safari mpaka Mpulungu kule Zambia. Meli imeundwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua, na mimi nimelala juu yake karibu na magunia ya mihogo. Vijiji vingi havina gati, meli inasimama ziwani mitumbwi inakuja kuizunguka, abiria anashuka, kuku anapanda, huku chini watu wanatukanana kugombea nani aguse ubavu wa meli kwanza. Usiku. Nikikumbuka nacheka peke yangu.

Nshomile_wa_Kweli:
Bukoba. Nilipelekwa na ajira nikanuna wiki nzima, mvua hiyo, bati halinyamazi. Ila Novemba senene, wale panzi wa kuliwa, walipotua ndio nikaelewa niko wapi, watu wazima na heshima zao wanakimbizana na taa usiku, waliojipanga wamesimamisha mabati na mataa makali na mapipa chini, senene wanagonga bati wanateleza ndani. Kesho yake kila baraza watu wamekaa wananyonyoa mbawa na miguu, na hapo ndio umbea wote wa mtaa unapitishwa, ukitaka kujua nani kamwacha nani kaa kwenye beseni la senene. Ukienda kwa mtu kabla hujasema shida yako unapewa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani ya kunukia. Mwanzoni nilikuwa nazificha mfukoni baadae nikawa naziomba mwenyewe.

Mabaya yapo, usafiri wa kwenda Dar unakula mgongo, na ukiwa hupendi ndizi utateseka.

Kijiwe_Nongwa:
Mnajidanganya wazee. Hamkuipenda Kigoma wala Bukoba, mnapenda umri mliokuwa nao, hamna ada za watoto, hamna presha, goti haliumi. Kampelekeni mtu wa miaka 50 akae huko na jenereta tuone kama ataandika mashairi.

Mama_Zabibu:
@Kijiwe_Nongwa mimi ndio huyo wa miaka 50 basi. Kasoro kidogo. Lile agizo la 2016 la serikali kuhamia Dodoma lilinikuta na nyumba yangu Tabata, nikalia kabisa sio siri, Dodoma kwangu ilikuwa vumbi na upepo na pale mabasi yanaposimama mnunue zabibu mwendelee na safari. Nilikuwa nimeshazoea kuamka saa kumi alfajiri nipande daladala nikalale kwenye siti. Sasa hivi nakaa Ilazo, naamka saa kumi na mbili, nakunywa chai NIMEKAA, na jioni jua halijazama niko nyumbani namwagilia mchicha. Hewa kavu lakini usiku unajifunika shuka mwezi wa sita na wa saba, nguo ukifua asubuhi mchana umezianua. Jirani yangu Mgogo kanifundisha kuitikia salamu yao ya mbukwenyi vizuri na kila akinisikia anacheka.

Na ujana wangu niliumalizia Manzese baba, mbona sikupendi kule. Nadharia yako ina matundu.

Kijiwe_Nongwa:
Hahaha mama umenipiga. Ila vumbi la Dodoma umelipita haraka sana kama mwanasiasa.

Mama_Zabibu:
Vumbi lipo. Nadeki mara mbili kwa siku.

Baharia_wa_Nguvukazi:
Salama watu wa Bongo, mie ni wa Mombasa ila nilikaa Lamu nikifunza. Magari hapo mjini ni kama hakuna bana, vichochoro vyenyewe vyembamba, punda akija na mchanga wa ujenzi kote kote wajibana ukutani apite, na huyo punda hana haraka wala hakujali. Simiti, gesi, friji, vyote vyavuka kwa boti kutoka Mokowe kisha vyamalizikia mgongoni kwa punda ama kwa mkokoteni, ndio maana bei zachoma.

Lakini siri hakuna. Wapita na samaki mkubwa mkononi, wazee wako barazani baada ya alasiri, kila baraza wasalimia, mpaka ufike kwako washajua una mgeni na wamjua ni nani. Mara ya kwanza yaudhi. Kisha nikashikwa na homa nikawa sitoki, magharibi haijaingia uji na mkate wa sinia ushafika mlangoni, kwa sababu baraza iliona kuwa mwalimu hakupita leo.

Mgebuka_Mbichi:
Hapo kwenye baraza umenigusa aisee. Hapa Kimara naweza kulala ndani wiki, wa kwanza kugundua atakuwa dalali.

Kijiwe hujatuambia wewe umeishi wapi zaidi ya humu jukwaani.

Kijiwe_Nongwa:
Lushoto. Na sitaki maswali.

Nshomile_wa_Kweli:
Aaah kumbe!! Baridi lile ndio limekukausha roho. Haya tuambie.

Kijiwe_Nongwa:
Basi tu, zile kona za kutoka Mombo kupanda Soni, ukifika juu unafunga kioo cha gari wakati chini ulikuwa unatokwa jasho. Na yule bibi wa sokoni alikuwa ananiongezea plamu bure kwa sababu eti nafanana na mjukuu wake. Nimesema sitaki maswali.

Mgebuka_Mbichi:
Na goti lilikuwa haliumi 😂

Mama Zabibu, vyumba viwili na sebule huko Ilazo sasa hivi shilingi ngapi kwa mwezi? Na wanadai miezi sita au mwaka?