Mjadala: Wavuvi washirikishwe kabla ya ramani ya hifadhi kuchorwa, au baada yake?

Mwanzilishi wa mjadala, Kisumu

Ninauleta mjadala huu kwenu kwa sababu suala lenyewe limepata uzito mpya tangu Desemba 2022, nchi zilipokubaliana mjini Montreal kwamba asilimia 30 ya nchi kavu, maji ya bara na bahari iwe chini ya uhifadhi ifikapo mwaka 2030. Maji ya bara yametajwa waziwazi, kwa hiyo sisi wa Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, tumo, ingawa mazungumzo mengi kuhusu hifadhi za majini nchini Kenya huanzia Malindi na kuishia Shimoni, kana kwamba samaki wa ziwani hawana mazalia.

Ibara ya 69 ya Katiba ya 2010 inaitaka Serikali ihimize ushiriki wa umma katika kuyasimamia na kuyahifadhi mazingira, na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 inazitambua kamati za usimamizi wa fuo, ambazo kila mvuvi anazijua kwa jina la BMU. Kwa maneno matupu, basi, hakuna anayepinga ushirikishwaji. Tunachogombania ni wakati wake. Msimamo wangu ni kwamba mwenye ufuo aitwe kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa, kwa maana akiitwa baadaye huwa anaarifiwa tu, hata akipewa nafasi ya kusema kutwa nzima.

Pwani imetupa mifano miwili ambayo kila anayeshughulika na jambo hili angepaswa kuitazama kwa pamoja. Katika Kaunti ya Kilifi, watu wa Kuruwitu walijifungia wenyewe eneo la bahari la takriban hekta 30 katikati ya miaka ya 2000, baada ya kuona samaki na matumbawe vikizidi kupungua. Wao ndio waliochagua kipande cha kufunga, na eneo hilo, ambalo Pwani huitwa tengefu, likawa mfano ulioigwa na vijiji vingine. Kusini ya Mombasa, hifadhi ya Diani-Chale ilitangazwa rasmi katika miaka ya 1990, wavuvi wakaikataa, na kwa miaka mingi ikabaki hifadhi ya kwenye karatasi. Bahari ni moja, Serikali ni moja, na hata matumbawe hayatofautiani sana.

Hapa kwetu nimewahi kuketi katika kikao ambapo ramani ya mazalia ilioneshwa ukutani ikiwa imekwisha kamilika, sehemu za kufungwa zimetiwa rangi nyekundu kandokando ya mafunjo na mipaka imeandikwa kwa namba za setilaiti. Mzee mmoja aliuliza mstari ule unapita upande gani wa mwamba ambao wao huutumia kama alama wanapotega nyavu, na mtaalamu hakuujua mwamba wenyewe. Mzee akaeleza kwa utaratibu kabisa kwamba ngege (aina ya sato) dume huchimba viota penye mchanga na maji mafupi, na kwamba mchanga huo uko ng'ambo ya mwamba, ilhali sehemu iliyotiwa rangi ni tope tupu. Maelezo yake yaliandikwa chini ya kichwa cha maoni, chai ikaletwa, na ramani ikabaki jinsi ilivyokuja.

Karibuni tujadiliane, hasa wale mnaoona kwamba ninaitwisha jamii mzigo isioweza kuubeba.

Mchangiaji kutoka Naivasha

Ndugu yangu wa Kisumu, ninakubaliana nawe kuhusu mwamba, lakini sikubaliani nawe kuhusu mengine.

Ziwa Naivasha lilifungwa kwa uvuvi mwaka 2001, kwa muda wa mwaka mmoja, baada ya samaki kupungua vibaya mno. Niambie ni kikao gani cha wavuvi ambacho, kikiachiwa kalamu peke yake, kingejinyima kitoweo na karo ya watoto kwa mwaka mzima. Mtu aliyekopa pesa za nyavu, na mkopeshaji wake ndiye huyo huyo anayemnunulia samaki, hawezi kunyoosha mkono kuunga mkono kufungwa kwa ghuba anayovua, hata kama moyoni anajua kwamba ghuba hiyo imekwisha. Simlaumu, ila ndivyo deni linavyofanya kazi.

Halafu tuambiane ukweli kuhusu BMU. Kanuni zake zilichapishwa mwaka 2007, na tangu hapo tumekuwa na kamati karibu kila ufuo, zenye wenyeviti, mihuri na ada. Kanuni inayotumika katika ziwa lenu kuhusu mbuta (sangara) inasema avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85, ili wadogo wakue na wale wakubwa wanaotaga zaidi waachwe. Nenda soko lolote mjini kwako asubuhi ya kesho, utazame mbuta waliopangwa mezani, kisha uje uniambie ni wangapi wanafika sentimita 50. Samaki hao wamepita katika fuo zenye kamati. Ikiwa kamati inashindwa kumzuia jirani yake mwenye nyavu za macho madogo, sioni itakavyoweza kumchorea mpaka na mpaka huo ukaheshimiwa.

Ninachopendekeza mimi ni kwamba wataalamu wapime na Serikali ifunge, kisha jamii ishirikishwe katika ulinzi na katika kugawana faida. Samaki hawasubiri tukubaliane. Nyinyi wenyewe mnajua vikao vyetu: nusu ya siku ni kujitambulisha, na nusu iliyobaki ni posho.

Mchuuzi wa omena, Homa Bay

Ninawasoma nyote wawili kwa heshima, lakini mnalitumia neno jamii kana kwamba maana yake ni wanaume wenye mitumbwi.

Uvuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, hufungwa upande wa Kenya kwa kawaida kuanzia Aprili hadi Julai, ili wazaane. Sipingi. Ila katika miezi hiyo, mwenye mtumbwi anaweza kugeukia mbuta, na kijana wake wa mtumbwini anaweza kutafuta kibarua mjini, wakati mama anayeanika omena kwenye nyavu kuukuu ufuoni, akiwageuza kwa mkono na kuwafukuzia kuku hadi jua lishuke, hana pa kugeukia. Mpango wa usimamizi unaoeleza tarehe za kufunga bila kueleza mama huyo ataishije haujakamilika, hata ungechorwa na malaika.

Kuhusu wakati, ambao ndio kiini cha mjadala huu, wakati wa kikao nao una uzito wake. Vikao huitwa saa nne asubuhi. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mitumbwi ikarudi kukipambazuka, na saa nne ndiyo saa ambayo sisi tumeinama juani. Ndiyo maana orodha ya mahudhurio hujaa majina ya wenye nafasi. Miongozo ya BMU iliyokubaliwa na nchi za Ziwa Victoria inagawa viti vya kamati hivi: asilimia 30 wenye mitumbwi, asilimia 30 wafanyakazi wa mitumbwini, asilimia 30 wadau wengine, na asilimia 10 wachuuzi. Katika fuo ninazozifahamu, viti hivyo vya wafanyakazi hukaliwa na wapwa wa wenye mitumbwi, na mama mmoja huwekwa ili picha ipendeze.

Mchangiaji kutoka Port Victoria, Busia

Nitakuwa mfupi. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Sehemu iliyobaki ni ya Uganda na Tanzania. Sisi tulio mpakani tunaombwa tujizuie huku tukiwaona wenzetu wa upande wa pili wakitega mahali ambapo mbuta wetu huhamia. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liliundwa mwaka 1994 kwa ajili ya mambo kama haya, lakini wanaokutana huko ni maafisa. Wavuvi wa fuo zinazotazamana wangekutana kwanza, kungekuwa na mpango wa kujadili. Kabla ya hapo, mtaniwia radhi, mimi sifungi chochote.

Mwanzilishi wa mjadala, Kisumu

Nawashukuru. Mama wa Homa Bay amenirekebishia swali, nami nalipokea: kabla ya kuuliza jamii iitwe lini, tuulize anaitwa nani na saa ngapi. Ndugu wa Busia, hoja yako ni nzito, ila viota vya ngege na mazalia ya mito kama Nyando na Sondu Miriu yamo ndani ya mikono yetu wenyewe, na hatuhitaji ruhusa ya Entebbe wala Mwanza kuyaacha yapumzike.

Kwa ndugu wa Naivasha nitakaa kidogo. Una haki kuhusu mbuta wadogo. Lakini tazama kamati hizo zilipewa nini: zilipewa kanuni iliyokwisha pangwa kwingine, zikaambiwa ziilinde bila mafuta ya boti, dhidi ya wauzaji wa nyavu haramu ambao maduka yao yako mjini na wala hayako ufuoni. Hapo kushindwa kunathibitisha kwamba ulinzi usio na uamuzi haufanyi kazi, na huo ulinzi usio na uamuzi ndio unaoupendekeza wewe. Isitoshe, hao wataalamu na Serikali unaotaka wafunge peke yao ndio hao hao ambao chini ya macho yao vizimba vya samaki vimeongezeka ghubani, vingine katika maji tulivu karibu na nchi kavu, yale yale ambayo mvuvi mdogo anaambiwa asitegeshe kwa kuwa ni mazalia. Mvuvi anaviona vizimba hivyo kila alfajiri akipiga kasia. Huwezi kumwambia mpaka ni wa sayansi.

Hata hivyo ninakukubalia hili: mamlaka ya kufunga na kumshtaki mkosaji yabaki kwa Serikali, maana jirani kumshtaki jirani huzaa uhasama unaofika hadi matangani. Ninachodai ni mahali pa kufunga na tarehe za kufunga. Hayo yaanzie ufuoni, ghuba moja moja, kwa msimu mmoja wa majaribio, na mtaalamu aje na vipimo vyake akae pamoja na mzee wa mwamba na mama wa omena, alasiri, kabla ya rangi nyekundu kuwekwa popote.

Tena hatuanzi bila kumbukumbu. BMU nyingi zina daftari ambamo samaki wanaoshushwa huandikwa, aina kwa aina na kilo kwa kilo, mengine yakiwa na magamba yaliyokauka kati ya kurasa. Ninawauliza wenzangu wa fuo zote, kuanzia Usenge hadi Muhuru: kuna aliyewahi kuona daftari hilo likifunguliwa katika kikao cha kuchora ramani?