Wachambuzi wa vita, acheni kuhesabu vifaru kama magoli!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo natema nyongo.

Kila vita ikizuka, vijiweni na kwenye luninga wanajaa watu wa kupanga majeshi kwa namba. Huyu ni wa pili duniani, yule hata kumi bora hayumo, basi mechi imekwisha. Vifaru kadhaa, ndege kadhaa, manowari kadhaa. Watu wanakufa, wao wanajumlisha.

Februari 2022 mdogo wangu alikuwa mwaka wa nne wa udaktari kule Kharkiv, Ukraine, mji ulio kama kilomita 40 tu kutoka mpaka wa Urusi. Alfajiri ya tarehe 24, Urusi ilipoivamia Ukraine, simu yake ndiyo iliyotuamsha. Usiku ule alilala chini ya ardhi, kwenye stesheni ya metro, blanketi moja watu watatu. Mama amekaa sebuleni hali, hanywi. Kwenye luninga mchambuzi mwenye tai anachora mishale kwenye ramani: siku tatu, mji mkuu Kyiv umeanguka. Na anatabasamu! Mama akaniuliza, "Na watoto wa watu je?" Nikakosa la kumjibu.

Siku tatu zikapita. Msafara wa jeshi la Urusi wenye urefu wa zaidi ya kilomita 60 ukakwama kaskazini ya Kyiv, magari yakiishiwa mafuta na askari wakiishiwa chakula. Tarehe 14 Aprili ikazama Moskva, meli kuu ya Urusi kwenye Bahari Nyeusi, kwa makombora ya nchi ambayo karibu haina jeshi la majini. Nani kati ya wachambuzi wale alirudi akasema nilikosea, samahanini? Walihamia vita nyingine na jedwali lilelile, jedwali lisilo na matairi, lisilo na mkate, lisilo na askari anayejua kwamba nyuma yake kuna mlango wa mama yake.

Kilichonichefua zaidi wiki hii ni mtu kuandika kwa kujiamini kabisa kwamba Crimea, ile rasi ya Bahari Nyeusi inayogombewa na Urusi na Ukraine, ni ya Warusi tangu enzi na enzi. Enzi zipi?

Mdogo wangu kila Jumamosi alikuwa akinunua chebureki kwa mama mmoja karibu na hosteli. Unga unasukumwa mwembamba, unawekwa nyama mbichi ya kusaga na vitunguu, unakunjwa nusu mwezi, unatumbukizwa kwenye mafuta. Ukiuma kwa pupa, mchuzi wa moto unakuteremkia hadi kwenye kiwiko. Siku ya kwanza aliiita sambusa, mama yule akamkatalia katakata. Hii ni chiberek, akamwambia, chakula cha Watatari wa Crimea, chakula cha bibi yangu.

Watatari hao ndio wenyeji ambao Warusi waliwakuta pale walipoitwaa Crimea mwaka 1783. Mei 1944 Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovyeti, aliwasomba karibu watu 190,000 kwa siku tatu (hizo ndizo siku tatu ninazozijua mimi), wengi wao akawatupa Uzbekistan. Mama yule alizaliwa huko uhamishoni. Majirani zake Wauzbeki nyama yao ndani ya unga waliioka tanuri na kuiita samsa, na samsa hiyo ndiyo sambusa yetu, ndiyo sambuus ya Wasomali na samosa ya Wahindi, neno moja lililotoka Uajemi likatembea dunia. Nyumbani kwa kina mama yule waliendelea kukaanga na kusema chiberek. Ndugu zao waliokimbilia Uturuki zamani wanaiita çiğ börek, na mji wa Eskişehir unasifika kwayo. Wamenyang'anywa nyumba na makaburi ya wazee wao, jina hilo hawakuliachia.

Sasa wewe wa "tangu enzi na enzi", mama huyu umemweka safu ipi kwenye jedwali lako? Mtaa wake ulipigwa Machi 2022. Mdogo wangu ameshafika nyumbani, na kila Jumamosi bado anaijaribu namba ya simu ya mama yule. Haipatikani.