Mzee Santiago anamwita samaki ndugu, kisha anamuua. Anampenda kweli?

BintiGazi, South B

Habari zenu wapenzi wa vitabu.

Baba yangu yuko kwangu tangu mwezi uliopita. Ametolewa mtoto wa jicho, daktari amemkataza kuinama na kukaa juani. Amevua Gazi, kule Kwale, tangu ujana wake mpaka magoti yalipomshinda. Mtu aliyezoea upepo, sasa kutwa yuko kwenye kochi anasikiliza honi za matatu. Kwa hiyo kila usiku baada ya isha namsomea The Old Man and the Sea, ile riwaya fupi ya Mmarekani Ernest Hemingway ya mwaka 1952, ya mzee Santiago, mvuvi wa Kuba aliyekaa siku 84 bila kupata samaki. Nakala yangu ni ya Kiingereza na Baba hajui Kiingereza, basi natafsiri papo hapo huku nasoma.

Ananisahihisha sana. Nikisema kamba, anasema, "Mshipi, mwanangu. Kamba ni ya mbuzi." Tulipofika pale nduwaro, yule samaki mkubwa mwenye mdomo kama mkuki, amenasa na anaikokota mashua, nikasoma kwamba mzee hakuufunga mshipi kwenye mashua, aliupitisha mgongoni akaushika kwa mikono yake. Baba akainuka kwenye mto. "Naam! Akiufunga, samaki akishtuka utakatika. Mwili ndio unaojua kulegeza." Akanyoosha viganja vyake chini ya taa. Nimekua nikiviona viganja vile, vimenilisha, lakini sijawahi kuuliza ile mifereji miwili inayokata vidole vya mkono wa kushoto ilitoka wapi. Nikauliza usiku ule. Akasema, "Jodari. Ulikuwa hujazaliwa."

Sasa tumekwama. Kuna mahali Santiago anamwambia samaki kwamba anampenda na anamheshimu sana, lakini atamuua kabla siku haijaisha. Mwanangu wa kidato cha tatu, ambaye muda wote alijifanya hasikilizi, akachomoa vipokea sauti masikioni akasema, "Huo ni uongo. Mtu hamuui anayempenda." Nikamtazama Baba. Baba akanyamaza, akaomba maji, akasema tulale. Tangu usiku huo, siku tatu sasa, hajaniambia nifungue kitabu.

Naombeni msaada. Mapenzi hayo ni ya kweli, au mzee anajifariji? Na jingine: Santiago huiita bahari kwa umbo la kike la Kihispania, la mar. Wavuvi vijana wenye maboya na mashua za injini huiita el mar, kiume, kama mshindani. Nitamtafsiriaje Baba jambo hilo, ilhali Kiswahili chetu hakina bahari ya kike wala ya kiume?

Mwalimu wa Kasarani

Dada, pole kwa kuuguza, na mpe mzee shikamoo yangu.

Nimefundisha fasihi miaka mingi na swali la mwanao nimelisikia kila mwaka. Usimkemee, ameuliza vizuri. Lakini mrudishe nyuma kidogo kwenye kitabu. Kuna kisa Santiago anakikumbuka, cha nduwaro wawili, dume na jike. Dume humwachia jike ale kwanza, basi aliyenasa ni jike. Dume hakukimbia. Alibaki pembeni mwa mashua muda wote, na jike alipopakiwa, dume akaruka juu hewani aone mwenzake yuko wapi, kisha akazama. Santiago anasema hakuwahi kuona jambo la kuhuzunisha kama lile kwa samaki hao. Yeye na Manolin, mtoto aliyekuwa akivua naye, wakamwomba jike msamaha, wakamchinja upesi.

Tazama mpangilio wa matendo hayo. Msamaha unatangulia, kisu kinafuata, na kisu hakichelewi. Mtu anayejidanganya hawezi kukumbuka kisa kile kwa undani namna ile, angekuwa amekisahau zamani. Halafu usiku anatazama nyota na kufurahi kwamba binadamu hatakiwi kuua mwezi wala jua, inatosha kuishi baharini na kuwaua ndugu zetu wa kweli. Hilo neno "inatosha" ndilo ningemsomesha kijana wako. Mzee anajua uzito wa anachokifanya, na anashukuru kwamba mzigo haukuzidi pale.

Kuhusu la mar. Usitafute neno moja, mweleze tu. Santiago anaiona bahari kama mwanamke anayetoa fadhila kubwa au anayezinyima, na ikifanya ukatili ni kwa sababu haina budi, mwezi unaivuta. Mvuvi wa Gazi hahitaji ngeli kuelewa hilo.

Ila lugha yetu ina kitu ambacho Kiingereza hakina. Sisi tunasema "samaki amekuja", kama tunavyosema "mgeni amekuja". Samaki kwetu yumo katika ngeli moja na mtu, na ndege, na mtoto. Hemingway alilazimika kuchagua kumwita samaki yeye. Wewe ukitafsiri, udugu umeshaingia kwenye kitenzi kabla Santiago hajaufungulia mdomo.

Jabali wa Mbita

Mimi si msomi wa vitabu, nauza samaki pale soko la City Market, nimezaliwa Mbita kando ya ziwa. Kitabu hiki nilikisoma shuleni na sijakisahau.

Mwalimu amesema vyema lakini ngoja niongeze la kwetu. Ziwani tulivua kwa nyavu. Ukivuta wavu, mbuta arobaini wanakuja pamoja, huwezi kumwambia hata mmoja neno. Santiago ana mshipi mmoja na samaki mmoja, na kuanzia adhuhuri ya siku ya kwanza mpaka asubuhi ya siku ya tatu wanasikilizana kupitia uzi ule. Samaki akigeuka, mzee anajua. Mzee akipata ganzi mkononi, nadhani na samaki anajua. Udugu wa namna hiyo unatengenezwa na chombo cha kuvulia. Ndiyo maana wale vijana wa maboya na injini wana bahari nyingine kabisa.

Na kuna swali analojiuliza ambalo linanirudia nikiwa nakata samaki asubuhi: atalisha watu wangapi? Na je, wanastahili kumla? Anajijibu kwamba hapana, hakuna anayestahili kwa jinsi samaki yule alivyojiheshimu. Mimi nauza kwa kilo. Tangu nisome pale sijawahi kumtupa samaki juu ya meza kwa kishindo, namlaza.

Wanjiru K.

Nitatofautiana nanyi kwa heshima. Mimi naona upweke kuliko udugu. Manolin alivua naye siku 40 za kwanza, wazazi wakamhamishia mashua nyingine. Mzee kule majini anarudia mara ngapi kwamba angependa kijana awepo? Anazungumza na ndege mdogo aliyechoka, anazungumza na mkono wake wa kushoto, anazungumza na samaki. Mtu asiye na wa kuongea naye hufanya ndugu wa chochote kilicho karibu. Dada, pengine Baba yako alinyamaza kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya samaki.

Mwalimu wa Kasarani

Wanjiru, nakubali nusu. Upweke upo. Lakini papa walipokuja kumla samaki aliyemuua, hakuwaita ndugu, ingawa alikuwa mpweke vilevile. Yule wa kwanza alimheshimu kwa ushujaa wake, wale waliofuata, wala mizoga, aliwachukia waziwazi. Kwa hiyo anachagua. Na samaki alipoliwa nusu, akamwomba radhi kwa kwenda mbali mno, kwamba haikumfaa samaki wala haikumfaa yeye mwenyewe.

Kwa faida ya mzee: huyu mwandishi alifika mpaka Shimoni mwaka 1954, akijiuguza baada ya ajali mbili za ndege huko Uganda. Huenda bahari ile ya Kwale aliitazama kwa macho yake.

BintiGazi, South B

Nimerudi. Ahsanteni wote, na Wanjiru hasa, maana maneno yako ndiyo yaliyonifanya niache kusubiri aniambie. Jana nilikifungua kitabu mwenyewe.

La mwezi kuivuta bahari alilidaka kabla sijamaliza kueleza. "Bamvua na maji mafu," akasema, yaani maji makubwa na maji madogo ya mwezi, "nani asiyejua?" La Shimoni likamfurahisha sana, akauliza alivua nini, sikuwa na jibu.

Tukasoma mpaka mwisho. Papa walipoanza, Baba alikuwa anahesabu silaha kwa vidole: chusa kimekwenda, kisu kimevunjika, rungu limekwenda. Tulipofika pale mzee anamwomba samaki radhi, mwanangu alikuwa ameketi sakafuni, hana vipokea sauti. Baba akamwambia, "Uliuliza. Yule niliyekatwa naye vidole hivi nilimwambia maneno kama hayo. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?" Hakuongeza neno, na mtoto hakuuliza zaidi.

Kisha nikasoma kuwa mvuvi mmoja aliupima mfupa uliobaki, futi 18 kutoka pua hadi mkia. Baba akauliza hizo ni pima ngapi. Futi sita ni pima moja, nikamwambia pima tatu. Akanyamaza, halafu akasimama bila kuniomba mkono. Akasema mashua ya Santiago je? Nikamwambia samaki alizidi mashua kwa futi mbili.

Akaenda ukutani kwenye runinga, akafungua mikono yake yote miwili, akamwambia mjukuu wake aweke alama pale kidole kilipofika. Akasogea, akafungua tena. Pima ya pili ikaishia kwenye kizingiti cha mlango. Mwanangu akafungua mlango, Baba akatoka kwenye korido, mgongo ukutani, mikono imenyooka, kidole kikagusa mtungi wa gesi wa jirani.

"Simama hapo," akamwambia. "Wewe ndio mkia."

Baba akarudi ndani polepole mpaka kwenye runinga, akageuka, wakatazamana kwa urefu ule wote. Saa nne ya usiku, taa ya ngazi ikazimika kama kawaida yake, na mwanangu alikuwa bado amesimama palepale gizani, hajasogea.