Nikiandika usiku najiona mwandishi, nikisoma asubuhi naona aibu. Nina kipaji kweli?

Karani wa Mkonge
Habari za jioni wakuu. Mimi ni karani kwenye shamba la mkonge huku Korogwe, naandika mizigo ya majani wanayoleta wakataji. Nikitoka kazini natunga hadithi, kwanza kwenye daftari halafu nahamishia kwenye simu. Aliyewahi kuona ni mke wangu tu. Alisema "nzuri" huku anachambua dagaa, nikajua hapo sipati msaada.

Tatizo langu: usiku naandika kurasa mbili tatu najisikia raha, asubuhi nikisoma naona upuuzi, nachana naanza upya. Sura ya kwanza nimeiandika mpaka naijua kwa moyo, ya pili haijazaliwa. Halafu kuna lugha. Mimi Msambaa, Kiswahili cha kuandikia nimekipata shuleni. Nikiwasoma waandishi wa Unguja naona kama nachezea mali ya watu. Mwaka jana nilitaka kupeleka kazi Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, nikaishia kusoma masharti.

Mwanzo wa hadithi huu hapa, msinionee huruma:

"Jua lilikuwa likizama taratibu huku miale yake ya dhahabu ikiyapamba mawingu. Ndege waliimba nyimbo za huzuni. Mzee Kupaza, mwenye huzuni kubwa moyoni, alitembea kwa unyonge mkubwa kuelekea nyumbani baada ya karani kumdhulumu mizigo yake. 'Ewe Mola, kwa nini dunia imenigeuka?' alijisemea kwa uchungu."

Niendelee, au nibaki na hesabu zangu?

Mzee wa Simulizi
Kaza buti mkuu, kipaji unacho. Mbona siku hizi watu wanauza simulizi WhatsApp? Sehemu za mwanzo bure, mwendelezo msomaji anatuma hela kwa simu. Weka picha kali juu, watakuja tu.

Mama Prufu
Mdogo wangu, mimi nimesoma prufu hapa Dar miaka mingi, vitabu vya shule na riwaya, kwa hiyo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kipande hiki kibovu. Ila nataka uone kibovu wapi, maana hofu yako inakudanganya kwamba kibovu ni wewe mzima.

Sentensi mbili za kwanza futa. Jua hilo la dhahabu nimelisoma kwenye miswada ya Mbeya, ya Bukoba, ya Mtwara, na kote linazama vilevile. Kwenu jioni kuna nini? Niliwahi kupita huko nikiwa msichana. Korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ilipozimwa masikio yakabaki yanavuma, na ile harufu ya majimaji ya mkonge yaliyochacha ilinifuata mpaka kwenye basi. Wewe hukuiandika kwa sababu umeshaizoea.

Sasa angalia: huzuni, huzuni kubwa, unyonge mkubwa, uchungu. Unamwamrisha msomaji alie na hujamwonyesha kitu. Na mkataji aliyepunjwa, "Ewe Mola" anaipata wapi? Huyo ni wa mchezo wa redio. Watu hawa wanasimama dirishani kwako kila siku, unajua wanavyogomba. Andika hivyo.

Kilichonishika hasa ni karani. Kati ya wote waliomo humo, yeye ndiye unayemjua kuliko sisi sote, na umempitia juu juu kama unamkwepa. Alipunguzaje? Aliandika ngapi? Mzigo si majani thelathini? Mkataji akibisha, unafunguliwa ukahesabiwa upya mbele ya watu au anaambiwa aondoke? Na huyo karani usiku analala? Umemfuata mzee barabarani, hadithi umeiacha ofisini.

Kuhusu kuchana: acha kusoma asubuhi. Andika mpaka mwisho, hata kama mwisho ni mbaya, halafu lifungie daftari wiki mbili tatu. Ukilifungua lisome kwa sauti, na kila ulimi unapokwama piga mstari, usirekebishe papo hapo. Riwaya iache kwanza, toa hadithi fupi ya kurasa nne. Watu wanaokuja kwetu na sura ya kwanza tamu isiyo na ya pili ni wengi mno, na hakuna mhariri anayeweza kuwasaidia.

Na mke wako usimuulize kama ni nzuri. Msomee, kisha muulize Mzee Kupaza alikasirikia nini. Akishindwa kujibu, tatizo umeliona.

Mtu wa Makunduchi
Mie nina neno moja tu kwenye hilo la lugha. Unatuogopa bure. Kwetu Makunduchi, huku Unguja, tunasema Kikae, lahaja yetu, na skuli mwalimu alikuwa akinipigia mistari myekundu kama ambavyo wako alikupigia. Sote Kiswahili cha vitabuni tumekwenda kukisomea. Kezilahabi alitoka kisiwani Ukerewe, lugha ya mama ni Kikerewe, na leo riwaya zake zasomeshwa mpaka huku. Kisambaa chako kiache kipenyeze pale mzee anapokasirika. Nitakachokielewa nitakielewa, kilichobaki nitakisikia sauti yake.

Karani wa Mkonge
Ahsanteni sana. Kwanza niseme wazi kwamba sijawahi kumpunja mkataji hata mmoja (mabosi nao wanaingia humu).

Mama Prufu, jana nililala saa nane. Sikusoma asubuhi, nimenakili tu hapa:

"'Sitini na sita,' niliandika. Mzee Kupaza alikuwa ameleta sabini. Kusoma hajui, lakini namba anazijua, na alinyoosha shingo dirishani mpaka pumzi yake ikanifika mkononi. Nyuma yake foleni ilinyamaza. Nilingoja matusi. 'Karani,' akasema, 'wewe leo umekula?'"

Mama Prufu
Umeona? Hakuna jua, hakuna ndege, na mzee hakulia. "Alikuwa ameleta sabini" ni nzito hapo, weka "Mzee Kupaza alileta sabini," inatosha. "Nilingoja matusi" usiiguse, na hiyo "niliandika" pia. Hukusema, lakini karani sasa anasema "mimi". Usirudi nyuma.

Karani anamjibu nini? Hapa usiniandikie, andika kwenye daftari.

Mtu wa Makunduchi
Hilo swali la chakula ni baya kuliko tusi.

Mzee wa Simulizi
Mkuu mwendelezo lini? Namba ya kutuma hela ipo?